Maman Emérence Anatuachia Nywele Zetu na Matumbo Magumu

Tarehe 2 Julai 1987, siku ya kusomwa matokeo, Citoyenne M'Bagalwa atavua filimbi shingoni mwake baada ya miaka ishirini na minne ya kazi katika lise yetu ya wasichana hapa Nyalukemba. Alianza mwaka 1963 kama msimamizi wa bweni. Anaondoka akiwa mwalimu wa jimnastiki, msimamizi wa mabweni yote, na adui mkubwa wa mtu yeyote anayeketi akiegemea ukuta.

Kwenye karatasi za serikali yeye ni Citoyenne M'Bagalwa, na mimi raia mwema nimeanza hivyo. Lakini Citoyen Prefe, mkuu wa lise, aniwie radhi: kwenye korido, bwenini na hata kwenye foleni ya bugali, yeye ni Maman Emérence, na kama nikiandika jina jingine hakuna atakayejua ninamsema nani.

Walimu walisukumiana kazi ya kuandika maneno haya wiki nzima, kila mmoja akisema mwenzake ana Kiswahili kizuri zaidi. Mwisho ikaniangukia mimi, kwa sababu ambayo nitaieleza. Nikiitwa ubaoni mimi husahau Kifaransa na Kiswahili kwa pamoja, nabaki na Mashi ya nyanya yangu, nayo haisaidii katika aljebra. Kalamu ni afadhali. Kalamu haikutazami usoni.

Maman Emérence ni mtu wa Walungu. Alipokuwa msichana alibeba mihogo na kuni mgongoni kama mama zetu wote wa huko, na mzigo ukashikwa na ukanda uliopita juu ya paji la uso. Ukanda ule ulikula nywele za mbele, polepole, kama mbuzi anavyokula ua la jirani. Yeye hafichi. Kila mwaka, siku ya kwanza ya wanafunzi wapya, huvua kitambaa mbele yao na kuwaambia: “Muangalie vizuri, batoto. Uso yangu inaanzia Bukavu, inaishia Uvira. Musicheke. Kesho ni zenu.”

Wanacheka, bila shaka. Halafu wanajishika paji la uso.

Mwaka 1971 Sista aliyefundisha jimnastiki alirudi kwao Ulaya, akaacha filimbi imening'inia kwenye msumari. Prefe wa wakati ule akauliza nani anaweza kuwashika wasichana kwa muda mfupi mpaka mwalimu apatikane. Maman Emérence akachukua filimbi. Mwalimu bado anatafutwa. Yeye alifuata mafunzo ya likizo, akapata cheti chake, lakini sehemu kubwa ya jimnastiki yake haitoki kwenye cheti. Inatoka kwenye milima ya Walungu, ambako mwanamke asiye na nguvu ya kiuno, tumbo na mgongo huacha shingo na kichwa vilipe deni la mwili wote.

Zoezi lake kubwa tunaliita daraja la Ruzizi. Unalala kifudifudi kwenye mkeka, kisha unajiinua juu ya viwiko na vidole vya miguu, mwili umenyooka kama ubao, tumbo limevutwa ndani. Hapo unakaa. Ndiyo hivyo tu, na ni kama kifo. Mtu akianza kulegea katikati, na mara nyingi ni mimi, Maman Emérence hupita pembeni akilia kama mtu aliyeona ajali: “Eulalie! Daraja inavunjika! Malori ya watu itaanguka mu maji juu yako!” Ukiinua makalio juu ili upumzike, ni vibaya zaidi: “Ile sasa ni nini? Mulima? Nani alikuomba mulima? Bukavu iko na milima ya kutosha.” Na mtu akisema tumbo linauma, jibu lake wote tunalijua: “Sasa njo linajua haliko mufuko ya bugali.”

Upande wa nywele ana sheria chache, naye huzisimamia kama askari wa mpakani. Ngozi ya kichwa inapakwa mafuta ya mbegu za ngazi, yaani mchikichi, yanayoletwa kutoka Shabunda, meusi, yenye harufu inayofika darasani kabla ya mwenye kichwa. Msuko unaoshwa kwa maji ya mvua na povu jepesi, ukikamuliwa kwa kitambaa bila kusuguliwa. Hakuna kulala na kichwa kibichi katika baridi hii ya ziwa. Usiku ni kitambaa kichwani. Msuko usipitishe mwezi. Na juu ya yote: mkono wa msusi usivute. Msuko ukikufanya uinue nyusi kama uliyeshangaa, unafumuliwa palepale, hata kama ulimaliza siku nzima kuusuka.

Lakini kitu ambacho wageni hawaamini mpaka waone ni reli. Jumamosi baada ya salongo, ile kazi ya mikono ya wote, uwanja ukishafagiwa, anapiga filimbi na kusema neno moja tu, “Reli!” Tunaketi chini mmoja nyuma ya mwingine, miguu imenyooshwa kushoto na kulia kwa mwenzako, kila mtu akimsuka aliye mbele yake huku akisukwa na aliye nyuma. Hakuna kuegemea. Hakuna kupinda. Tumbo ndani, mgongo juu, mikono kazini. Msuko ukiisha, mafunzo ya kiuno yameisha pia. Dada yangu mkubwa, aliyesoma hapa kabla yangu, anasema hata kanisani hawezi tena kukaa vibaya. Akipinda kidogo tu anahisi filimbi sikioni.

Sasa nifike kwenye mambo ya mwaka 1985, kwa sababu bila hayo huwezi kujua tunamuaga nani.

Januari ile Citoyen Prefe Cirhuza, aliyekuwa bado mgeni kwetu, alisimama chini ya bendera ndani ya abakosti iliyopigwa pasi kama kisu, akatangaza kwamba nywele zote zitanyolewa. Chawa walikuwa wameonekana katika bweni la wadogo, na wakubwa walikuwa wakichelewa masomo ya jioni kwa sababu ya vichwa ambavyo havijaisha kusukwa. Msichana mmoja wa mwaka wa kwanza akauliza kwa sauti: “Nani amekufa?” Prefe alidhani ni utovu wa adabu. Hapana. Kwao kichwa hunyolewa wakati wa matanga, na mtoto alikuwa anataka kweli kujua.

Wengi tulilia. Maman Emérence hakulia. Alifunga kitambaa chake upya akaenda ofisini, na yaliyosemwa humo tuliyapata kwa Papa Apollinaire, mpiga chapa wa prefe, ambaye siku ile mashine yake ilinyamaza kimya kuliko siku zote.

“Citoyen Prefe,” alisema Maman Emérence, “unipe mpaka mukaguzi afike, mwezi wa tano. Akikuta chawa moja, moja tu, ao mutoto moja akachelewa masomo ya magaribi juu ya nywele, unyoe.”

“Nitanyoa wote.”

“Unyoe wote. Lakini uanze na miye. Pale ku bendera, batoto bakiangalia.”

Hapa ni lazima mjue kitu. Juu ya paji lile la kwenda Uvira, baada ya miaka mingi ya mafuta na kusubiri, nywele zilikuwa zimeanza kurudi. Kidogo tu, laini kama za mtoto mchanga. Alikuwa amezisuka misuko mitatu midogo, mmoja katikati na mmoja kila upande, si mirefu kuliko kidole cha mtoto, naye aliigusa asubuhi na jioni kama mtu anayehesabu kuku wake. Lise nzima iliijua misuko ile. Prefe pia aliijua. Aliitazama, Papa Apollinaire anasema, kisha akatazama dirishani.

“Sawa,” akasema. “Lakini weye njo utajibu, Citoyenne. Siku ile utaondoka hapa, ruhusa inaondoka na weye.”

Basi tukaanza. Vitana vilichemshwa. Mashuka yalianikwa. Reli ikaanza mapema zaidi, na aliyechelewa hata kidogo alisukumwa mpaka darasani na mabweni mawili. Chawa, nadhani, walihamia shule nyingine ambayo sitaitaja.

Mkaguzi alitangazwa kuja Jumatatu. Jumapili Maman Emérence alikwenda Walungu kwa mazishi ya shangazi yake, akalala huko. Na hapo tukafanya kosa letu, kosa la mapenzi, ambalo ni baya kuliko la ukorofi kwa sababu hakuna mtu wa kulizuia.

Jeanine wa mwaka wa sita ndiye aliyesema kwamba haiwezekani kumwonyesha mkaguzi vichwa vya kila siku. Maman ameweka nywele zake rehani kwa ajili yetu, nasi tutoke na misuko legelege? Kwetu msuko wa sherehe hukazwa. Usipokazwa, watu husema msusi alikuwa na njaa. Kwa hiyo tukafumua yote, na Virginie, mwenye vidole vikali kuliko wote, akaongoza kazi ya uzi mweusi: minara iliyosimama juu ya kichwa kama antena za redio. Kadiri tulivyompenda Maman Emérence, ndivyo tulivyovuta.

“Inauma?” Virginie aliniuliza, goti lake mgongoni mwangu.

“Kidogo.”

“Basi haijakaza.”

Asubuhi tuliamka na macho wazi. Si kwa furaha. Kope zilikataa kufunga. Tulifanana na sambaza, samaki wadogo wa ziwa letu, waliopangwa kwenye sinia. Tukafunga vitambaa ili Maman asione mapema, maana ilikuwa zawadi.

Alifika moja kwa moja kutoka barabarani, viatu vina tope la Walungu, mkaguzi ameshaketi. Mkaguzi alikuwa mama mnene mwenye pagne nzuri ya kitenge na kalamu mbili. Filimbi ikalia, tukavua vitambaa kwa mara moja, minara ikatokea, na niliuona uso wa Maman Emérence. Nilitegemea furaha. Alionekana kama mtu aliyekuta jirani amempikia mbegu zake za kupanda.

Lakini ratiba ni ratiba. Daraja la Ruzizi! Tukashuka kwenye mikeka. Damu ikashuka kichwani, ngozi haikuwa na nafasi ya kuipokea, na machozi yakaanza kudondoka kwenye mikeka. Lise nzima ilikuwa daraja moja lililonyooka vizuri, na chini yake mto.

Mkaguzi akasimama, akaja karibu. “Wanalia nini?”

“Ni furaha, Citoyenne Mkaguzi,” akasema Prefe.

Daraja lilikuwa karibu kwisha. Maman Emérence angehesabu pumzi chache tu zaidi, tungesimama, tungefuta machozi, mkaguzi angeandika neno “furaha”, na misuko mitatu ingebaki salama. Nilikuwa mstari wa mbele. Nilimwona akigusa paji lake la uso. Halafu akapiga filimbi, kwa nguvu.

“Basi! Mushuke! Citoyenne Mkaguzi, batoto hawa banalia juu ya nywele. Bamejifunga vichwa kama mizigo. Si kosa ya daraja. Ni kosa ya nywele, na nywele ni kazi yangu.” Kisha akatugeukia. “Reli! Mufumue!”

Tukaketi. Kila mmoja akafumua mnara ulio mbele yake, uzi kwa uzi, katikati ya uwanja, bila ukuta, bila kiti, miguu imenyooka. Jua likapanda. Kengele ya saa ya hesabu ikalia na hakuna aliyesogea. Uzi wa Virginie haufumuki kwa haraka. Nami niliyekuwa nyuma ya Jeanine nilikuwa na kazi ya kutosha mpaka sikukuu ya Noeli. Sauti pekee ilikuwa ya Maman Emérence akipita kati ya mistari: “Pole pole. Usivute. Mugongo, Jeanine. Weye njo uliwaza mambo haya, basi mugongo ikae juu. Unanipenda? Asante. Siku ingine unipende na mikono nyepesi.”

Mkaguzi alisimama akitazama. Alisimama, akabadilisha mguu, akabadilisha tena, mwisho akaomba kiti. Prefe aliegemea mlingoti wa bendera, akakumbuka ni mlingoti wa bendera, akasimama wima haraka, akashika kiuno na kufanya “aï”. Sisi tulikuwa bado tumeketi vilevile. Mkaguzi akauliza mtoto mmoja wa mwaka wa kwanza: “Hamuchoke?”

“Bado, Citoyenne.”

Na hapo, kwa vile vichwa vyote vilikuwa wazi, nywele zote zimefunguliwa mpaka kwenye ngozi, mkaguzi akaweka kalamu zake chini, akaanza kupita kichwa kwa kichwa. Hakuna mkaguzi aliyewahi kupata nafasi nzuri kama ile. Prefe alimfuata nyuma, mkono kiunoni. Maman Emérence hakufuata. Alisimama mahali pake, filimbi mdomoni, hailii.

Hakukuwa na chawa. Hata mmoja.

Ilibaki jambo moja, na Virginie, ambaye mdomo wake pia hukaza, alilinong'ona kwa kila mtu kusikia: saa ya hesabu imekwenda. Imekwenda juu ya nywele. Tukamtazama Prefe. Prefe akaitazama saa yake, kisha ile misuko mitatu.

“Tulisema masomo ya magaribi,” akasema. “Hesabu ni ya asubuhi.”

Tangu siku ile sisi tunampenda Citoyen Prefe, ingawa hatukumwambia. Namwambia hapa. Inasemekana pia kwamba baada ya wiki ile alimwomba Maman Emérence amfundishe daraja, kwa ajili ya kiuno chake, mlango umefungwa na Papa Apollinaire amesimama nje kama mlinzi, na kwamba kuna siku kitu kizito kilianguka. Prefe amesoma sentensi hii kabla haijachapwa. Aliipiga mstari mwekundu, kisha akaufuta. Asante, Citoyen Prefe.

Miaka miwili imepita, nasi tuna nywele. Lakini ruhusa ilikuwa na mwisho wake, na mwisho ni huu. Jumatatu iliyopita, chini ya bendera, Prefe alitukumbusha bila ukali: Citoyenne M'Bagalwa anaondoka tarehe mbili, yeye ndiye aliyekuwa akijibu. Kuanzia Septemba nani atajibu? Awe mtu mmoja, ajulikane, na chawa akionekana aanze yeye kunyolewa.

Walimu wakatazama viatu. Citoyen Camille, atakayepokea filimbi, alitaka kusaidia na akainua mkono, lakini Prefe akamwambia kwa upole kwamba kichwa chake kimeshanyolewa na Mungu. Tukacheka. Kisha kicheko kikaisha. Jeanine na Virginie wameshamaliza lise. Maman Emérence alitazama ziwa. Alijua kwamba asingeweza kutusaidia tena. Kama angemtaja mtu, ingekuwa bado ni yeye anayejibu.

Nikasikia mtu anasema: “Miye.”

Niligeuka kumtafuta. Wote walikuwa wananitazama mimi.

“Nani?” akauliza Prefe. “Sijasikia.”

“Amesema,” akasema Maman Emérence. “Nimesikia mpaka huku.” Akaja, akapita kati ya mistari mpaka kwangu, akaninyoosha mabega kwa vidole viwili. “Lakini Eulalie, maman, ulisema umepinda. Neno kama ile haisemwe na tumbo legelege. Rudia.”

Nikavuta tumbo ndani. Nikarudia. Wanasema ilisikika mpaka jikoni.

Prefe akaniandika jina, na hiyo ndiyo sababu walimu waliacha kusukumiana: aliyeweka nywele zake rehani, walisema, ndiye aandike.

Maman Emérence, kwa niaba ya walimu, wafanyakazi na mabinti zako wote, waliopo na waliokwishaolewa na migongo yao wima, tunakushukuru. Mvua ya Walungu ianguke kwa kiasi juu ya maharagwe yako. Mizigo yako wabebe wengine. Upate jirani mwenye mkono mwepesi wa kukusuka, na siku zako ziwe tamu na ndefu. Ukishuka mjini, pita kutuona bila kutangaza, kama mkaguzi wa kweli. Utakuta Jumamosi tumeketi uwanjani. Mimi nitakuwa wa mwisho nyuma, ili nivione vichwa vyote. Kwa hiyo sitakuwa na mtu wa kunisuka, na labda nitakuwa natetemeka kidogo. Usiseme kitu. Keti nyuma yangu, Maman, uanze.

Eulalie, mwaka wa tano, pedagojia